PWM, PPM au PCM? Kuchagua njia ya mapigo kwa simu ya redio ya chaneli nane

Mwaka 1944 jeshi la Uingereza lilipeleka Normandy mtambo ulioitwa Wireless Set No. 10. Ulibeba mazungumzo manane ya simu kwa wakati mmoja, kwenda na kurudi, kwa masafa ya karibu 4,500 MHz, bila waya wowote kati ya kituo na kituo. Sauti ilisafiri ndani ya upana wa mapigo, yaani PWM. Marekani nayo ikatoa AN/TRC-6, kazi ya Bell Labs, maabara ya utafiti ya simu ya huko: chaneli nane vilevile, masafa jirani ya 4,300 hadi 4,900 MHz, ila sauti ilibebwa na nafasi ya pigo ndani ya zamu yake (kipande cha muda kilichotengewa chaneli), yaani PPM. Mwaka 1948 Bell Labs ikachapisha maelezo ya mfumo wa majaribio wa PCM, ambamo kila sampuli ya sauti, yaani kipimo cha papo hapo, hugeuzwa kuwa namba. Wazo hilo mhandisi Mwingereza Alec Reeves alikuwa ameliwekea hataza Ufaransa mwaka 1938, wakati valvu zilizohitajika kulitimiza zilikuwa nyingi na ghali mno.

Njia hizo tatu bado zinamsumbua mkufunzi wa chuo cha ufundi anayetaka mtambo wa kufundishia, mwanafunzi mwenye mradi wa mwaka wa mwisho, na fundi anayefufua vifaa vya zamani. Hesabu zote hapa ni za chaneli nane, zijengwe mezani kwa vipuri vinavyopatikana leo.

Vigezo

Tutatazama mambo matano. Kwanza, kelele: mfumo unavumilia kiasi gani, na mpaka ukivukwa hutokea nini. Pili, upana wa bendi unaoliwa. Tatu, kisambazaji kinawaka kwa sehemu gani ya muda, maana hilo ndilo linaloamua nguvu na joto. Nne, ishara inavyovumilia kupita vituo vya njiani. Tano, ugumu wa saketi, hasa upande wa kupokea, ambako miradi mingi hukwama.

Yaliyo sawa kwa zote

Sauti ya simu hukaa kati ya 300 na 3,400 Hz. Ukiichukua sampuli zaidi ya mara 6,800 kwa sekunde, vipande hivyo vinatosha kuirudisha nzima. Kati ya kipande na kipande kuna muda mtupu, na humo ndimo chaneli nyingine huingizwa kwa zamu. Kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, fremu moja, yaani mzunguko mmoja wa chaneli zote, ni maikrosekunde 125 (µs). Igawe zamu tisa, nane za sauti na moja ya kuonyesha mwanzo wa fremu, kila zamu inapata 13.9 µs.

Mwendo wa saa ya saketi basi ni 72 kHz. Kristali ya 18.432 MHz ikigawanywa kwa 256 ndani ya 74HC4060, IC ya kugawanya masafa, hutoa namba hiyo kamili. Ipeleke kwenye CD4520, ambayo ni kihesabu. Matokeo yake matatu ya kwanza yaongoze anwani za CD4051, ambayo ndiyo swichi ya chaneli nane, na la nne liende kwenye mguu wa kuizima. Hesabu ikifika nane, swichi inajifunga yenyewe na zamu ya tisa inabaki wazi. Ikifika tisa, geti moja la CD4081 linairudisha sifuri. Sauti zote zipandishwe hadi 2.5 V, kwa sababu ukilisha CD4051 kwa 5 V na sifuri, haitapitisha sawasawa ishara inayoshuka chini ya sifuri.

Kichujio cha kuingilia kisidharauliwe. Kwa sampuli 8,000, mlio wa 5 kHz unajificha na kutokea upande wa pili kama 3 kHz, katikati ya maneno, na hakuna kichujio cha kupokea kitakachouondoa. Kichujio cha Butterworth cha daraja la nne kilichowekwa 3,400 Hz hupunguza 5 kHz kwa desibeli 13 tu. Hapa Wireless Set No. 10 ilikuwa na nafuu. Ilichukua sampuli kama 9,000 kwa sekunde, na kwa mwendo huo mlio wa 5 kHz huangukia 4 kHz, nje ya bendi ya sauti, ukakatwa kwenye kupokea. Kama vichujio vyako ni vya kawaida, panda hadi 9,000. Kristali unaweza kuiacha na kutumia 7555, IC ya kutengeneza mapigo ya saa, ya kuzungusha kwa mkono. Kwa PCM baki kwenye 8,000, kwa sababu vifaa vyote vya simu vya kidijitali vinaitarajia namba hiyo.

Kuhusu kurusha hewani: Tanzania ni TCRA wanaotoa kibali cha masafa, Kenya ni Communications Authority. Kwa meza ya darasa mwanga wa infraredi unatosha kabisa. Pokea kwa fotodayodi ya BPW34, iwe na volti 5 za kinyume na resista ya 4.7 kΩ. Anayeweka 100 kΩ ili apate ishara kubwa hupata pigo lililolegea kwa maikrosekunde kadhaa, na hapo hakuna njia kati ya hizi tatu itakayomsaidia. Fototransista pia ni nzito mno kwa kazi hii.

Mbona si PAM?

Ishara inayotoka CD4051 tayari ni PAM: urefu wa kila pigo ndiyo sauti. Inavutia kuirusha hivyohivyo. Tatizo ni kwamba kelele yoyote inayogusa urefu inaingia moja kwa moja kwenye sauti, na mkia wa pigo moja huvuja kwenye zamu inayofuata. Ukitaka uvujaji uwe chini kwa desibeli 60, na mapigo yako ni ya 5 µs, mkia una 8.9 µs za kufa. Hilo linadai bendi isiyopungua 123 kHz kwa hatua moja ya resista na kapasita. Kila hatua ya ziada inaongeza mkia wake. Itumie PAM ndani ya kisanduku, ila hewani mpe mwingine kazi.

PWM: upana wa pigo

*Ujenzi.* Ishara ya PAM inaingia upande mmoja wa LM311, yaani komparata (kilinganishi cha volti), upande wa pili kuna mteremko wa volti unaoanza upya kila zamu. Transista ya BC557 inayotoa mkondo thabiti wa 0.25 mA hupandisha kapasita ya 1 nF kwa volti 3 ndani ya 12 µs. Transista ya 2N7000 huimwaga kapasita hiyo mwanzo wa zamu. Pigo linaanza mwanzoni mwa zamu na kuisha mteremko unapoifikia sauti. Panga pigo la kimya liwe 6 µs, na sauti ilisogeze kati ya 2 na 10 µs. Zamu ya tisa iache tupu.

Uzuri wa PWM uko kwenye kupokea. Ukingo wa mbele wa kila pigo hausogei, kwa hiyo wenyewe ndio saa. Ingiza kingo hizo kwenye 74HC123, IC inayowaka kwa muda maalumu kila inapoguswa, iliyopangwa 20 µs: inawashwa upya kila 13.9 µs, na inazimika mara moja tu kwa fremu, ndani ya zamu tupu. Kuzimika huko ndiko kunairudisha kihesabu sifuri. Huhitaji kitanzi cha kufuatia saa. Kutoa sauti ni geti moja la chaneli na kichujio cha chini baada yake.

*Kelele na bendi.* Kata ishara katikati ya urefu wake, na kelele ya urefu inatoweka. Inayobaki ni ile inayosogeza ukingo. Ukiongeza bendi mara mbili, ukingo unasimama wima zaidi lakini kelele inayoingia nayo inaongezeka, na faida halisi ni desibeli 3. Kelele ikifika nusu ya urefu wa pigo, sauti haizidi kuwa mbaya polepole, inavunjika.

*Nguvu.* Mapigo manane ya 6 µs ni 48 µs katika 125, sawa na asilimia 38 ya muda. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakwenda katikati ya pigo, mahali pasipo na habari yoyote.

*Vituo vya njiani.* Pigo linaweza kukatwa na kurushwa upya safi, lakini ukingo uliokwisha sogezwa na kelele haurudi. Kelele za vituo hujumlishwa: vituo 10 vinavyofanana hupunguza ubora kwa desibeli 10.

*Kinachoharibika.* La kwanza ni komparata. LM358 ikitumiwa hapa huchukua zaidi ya nusu ya zamu kuvuka volti 5, na LM393 nayo huchelewa kiasi cha kula sehemu ya sauti. La pili ni mtu kupaza sauti: pigo linagusa zamu inayofuata na chaneli jirani inasikia mlio mkali. Weka dayodi mbili za kukata kilele kabla ya CD4051, kila chaneli. La tatu ni udogo wa sauti inayotoka. Mabadiliko ya 4 µs katika fremu ya 125 µs, kwa mapigo ya 5 V, ni volti 0.16 tu, kwa hiyo kipaza sauti cha mwisho lazima kiwepo.

*Inamfaa* anayetaka chaneli zote nane zisikike haraka, kwa saketi ambayo kila hatua yake inaonekana wazi kwenye oskilosikopu.

PPM: nafasi ya pigo

*Ujenzi.* PPM huzaliwa na PWM. Chukua ukingo wa nyuma, uwashe 74HC123 ya pigo fupi, basi. Kapasita ya 1 nF na resista ya 2.2 kΩ hutoa takriban 1 µs, ila lipime pigo hilo kwa sababu kigawo hutofautiana kati ya watengenezaji. AN/TRC-6 ilikuwa hivyohivyo kwa vipimo: mapigo ya 1 µs yakisogea hadi 6 µs kila upande, na pigo la kuongoza la 4 µs mwanzoni mwa fremu.

Kwenye kupokea ndiko bei inalipwa. Ukingo thabiti wa mbele haupo tena, kwa hiyo mpokeaji lazima atengeneze saa yake mwenyewe. Litambue kwanza pigo la kuongoza kwa upana wake: 2.7 kΩ na 1 nF zikifuatwa na 74HC14, geti linalowaka volti ikivuka kiwango fulani. Pigo la 1 µs litapanda hadi volti 1.5 hivi na kuzimika, la 4 µs litafika karibu 3.9 na kuvuka. Kisha CD4046, IC ya kitanzi cha kufuatia saa, ikiwa na kigawanyi cha tisa ndani ya kitanzi, hutengeneza 72 kHz kutoka kwenye 8 kHz za pigo hilo. Mwishoni flip-flop, saketi inayokumbuka kuwashwa au kuzimwa, inawashwa na mwanzo wa zamu na kuzimwa na pigo, na hapo umerudi kwenye PWM. Usijaribu kuchuja PPM moja kwa moja: sauti inayotoka ni dhaifu na imepotoka.

*Kelele na bendi.* Sheria ya ukingo ni ileile ya PWM, pamoja na faida moja kubwa. Ukiongeza bendi mara mbili unaweza pia kulifupisha pigo nusu na kuongeza kilele chake mara mbili bila kugusa nguvu ya wastani, na hapo unapata desibeli 6 badala ya 3. Kwa mapigo ya 1 µs tenga bendi ya 1 MHz au zaidi. Mpaka wa nusu ya urefu uko palepale.

*Nguvu.* Hapa PPM iko peke yake. Mapigo manane ya 1 µs na moja la 4 µs ni 12 µs, chini ya asilimia 10 ya fremu. Kwa valvu za wakati ule zilizoweza kutoa kilele kikubwa kwa muda mfupi, hii ndiyo sababu iliyotosha. Kwa LED ya leo ni hivyohivyo, mradi LED yenyewe iwe ya kasi. Baadhi ya LED za rimoti huchukua karibu 1 µs kupanda, na pigo lako linatoka kama kilima.

*Vituo vya njiani.* Sawa na PWM: kelele za nafasi hujumlishwa kituo hadi kituo.

*Kinachoharibika.* Karibu kila tatizo hutoka kwenye kitanzi cha CD4046. Kikiwa chepesi mno kinafuata kelele, kikiwa kizito mno kinachukua muda kushika. Ukitumia kilinganishi chake cha kingo, pigo moja la kuongoza likipotea linakisukuma mbali. Kuna kipimo kizuri cha sikio: mvumo uleule ukisikika chaneli zote nane, tafuta kwenye saa, ukisikika moja tu, tafuta kwenye geti la zamu yake.

*Inamfaa* mwenye betri ndogo au umbali mrefu, na yeyote anayetaka kuelewa vizuri ulinganifu wa wakati. Wanafunzi wanaojenga PPM wakaimaliza huwa hawapati shida na simu za kidijitali baadaye.

PCM: msimbo wa mapigo

*Ujenzi.* Sampuli inapimwa na kuandikwa kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Mfumo wa Bell Labs ulitumia tarakimu 7, viwango 128, kwa makundi ya chaneli 12, na kupima kulifanywa na valvu maalumu ambamo mwali wa elektroni ulipita kwenye bamba lenye matundu ya msimbo. Hakuna haja ya kulitafuta bamba hilo. Kidhibiti kidogo cha leo kina kigeuzi cha analogi kwenda namba (ADC) ndani yake. Lakini fanya hesabu kwanza. Chaneli nane kwa 8,000 ni sampuli 64,000 kwa sekunde. Arduino Uno kwa mpangilio wake wa kawaida haifiki 10,000. Ukikishusha kigawanyi cha saa ya ADC hadi 16, kila kipimo huchukua 13 µs na unapita kwa shida, ukibaki na tarakimu nane hivi za kuaminika. STM32F103 hupima kwa 1 µs na ndiyo ya kuchagua.

*Kelele na bendi.* Tarakimu 8 kwa chaneli nane ni biti 512,000 kwa sekunde, bila kuhesabu zamu ya tisa. Kila tarakimu unayoongeza inasafisha sauti kwa desibeli 6. Maneno ya sauti ya chini hupata viwango vichache, ndiyo maana simu hubana sauti kwa kanuni ya logaridhimu kabla ya kuhesabu: iitwayo A kwa Ulaya na Afrika yetu, mu kwa Marekani.

Mpaka wa PCM ni mkali kuliko wa wenzake, na namba zake zinastahili kukaririwa. Kilele cha ishara kikiizidi kelele kwa desibeli 17.4, biti moja katika 10,000 inakosewa, yaani makosa 51 kila sekunde. Kwa desibeli 19.6 ni moja katika milioni, kosa moja kila sekunde mbili. Kwa 21 ni kosa moja kila dakika tatu. Desibeli 3.6 zinatenganisha simu isiyosikilizika na simu safi.

*Nguvu.* Nusu ya biti huwa moja, kwa wastani, kwa hiyo kisambazaji kinawaka kati ya robo na nusu ya muda kutegemea upana wa pigo.

*Vituo vya njiani.* Hapa ndipo PCM inapoziacha nyingine mbali. Kituo kinaamua kama kuna pigo au hakuna, kisha kinalizalisha upya kwa saa yake. Kelele haijumlishwi; makosa ndiyo hujumlishwa, na ukikaa juu ya desibeli 21 ni machache kiasi cha kutosikika hata baada ya vituo vingi.

*Kinachoharibika.* Mstari mrefu wa sifuri humpotezea mpokeaji saa. Tumia msimbo wa Manchester, ambao hubadilisha hali ndani ya kila biti, ukijua unalipa bendi mara mbili. Kosa kwenye tarakimu ya juu husikika kama mchomo, kwenye ya chini halisikiki. Na mpokeaji asiyejua fremu inaanzia wapi anatoa kelele tupu kwenye chaneli zote, kwa hiyo biti za zamu ya tisa ziwe mpangilio maalumu utakaoutafuta fremu kadhaa mfululizo kabla ya kuuamini.

*Inamfaa* mwenye uzoefu wa programu, na yeyote anayefundisha kuelekea mitambo ya sasa. T1 ya Marekani ya mwaka 1962, chaneli 24 juu ya waya, na E1 ya chaneli 30 inayotumika kwenye simu zetu, zote ni wazo hilihili.

Kwa hali yako

Una wiki mbili, oskilosikopu ya chaneli mbili na darasa la watu wanaoanza: jenga PWM. Waonyeshe ukingo wa nyuma ukicheza mtu anapoongea. Hakuna kitabu kinachoeleza vizuri kuliko hapo.

Una muda wa muhula mzima: anza na PWM, kisha ongeza pigo fupi na CD4046 ili ufike PPM. Kisambazaji kinabaki karibu kilekile, kinachobadilika zaidi ni mpokeaji.

Unatumia betri, au unataka kuvuka uwanja wa chuo kwa mwanga: PPM, kwa kilele kirefu na pigo fupi.

Unapanga vituo vitatu au zaidi vya njiani: PCM. Ukiwa na kituo kimoja tu katikati, PPM inapoteza desibeli 3, ambazo pengine hutaziona.

Unafufua Wireless Set No. 10 au AN/TRC-6: njia umeshachaguliwa, usiibadilishe. Anza na upande wa mapigo bila masafa ya juu, uunganishe mtoaji na mpokeaji kwa waya, usikilize chaneli nane zote kabla ya kuwasha valvu za maikrowevu. Kwa umbali, kumbuka ishara hizi hukoma kwenye upeo wa macho wa redio: milingoti miwili ya mita 15 juu ya nchi tambarare inafika kama kilomita 32.

Unahitaji mamia ya chaneli kwa teknolojia ya analogi, kwa mfano katika utafiti wa historia ya mitandao ya taifa: hakuna kati ya hizi tatu. Njia ya Bell ya New York hadi Boston ya mwaka 1947, na ile ya TD-2 iliyofika San Francisco mwaka 1951, zilitumia FM na kupanga chaneli kwa masafa badala ya zamu, kwa sababu mapigo ya analogi yalikula bendi kuliko ilivyovumilika kwa wingi huo.

Na kama una saa mbili tu kabla ya maonyesho, onyesha PAM ndani ya kisanduku kwa waya wa nusu mita. Zungusha kichujio cha kati kutoka 300 kHz hadi 30 kHz, watu wasikie chaneli ya tatu ikianza kuvuja kwenye ya nne.